Mkate wa Kumimina wa Bi Zuhura

Kazi yangu ya kwanza kwa Bi Zuhura, pale Tandika, ilikuwa kuchambua mchele. Nilikuwa nimefiwa na mume, nina mtoto mgongoni, nimetoka Njombe ambako mkate tuliununua dukani.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Umewahi kupika mkate wa kumimina?"

"Hapana."

"Afadhali. Hutanibishia."

Mkate huu haukandwi. Mchele unalowekwa, unasagwa pamoja na tui zito la nazi, unatiwa sukari, hamira na iliki, kisha unaachwa uumuke, yaani ufure na kujaa mapovu. Ndipo unamiminwa kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa bati. Kazi yote iko kwenye huo moto: ukizidi chini, mkate unaungua kabla katikati hakujaiva. Bi Zuhura alinibakiza kwenye mchele na nazi muda mrefu sana kabla ya kuniachia sufuria.

Ramadhani moja aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Oda za futari zilikuwa zimeshapokelewa. Yeye kalala chumbani, mlango wazi. Mie uani peke yangu. Alasiri wateja wakaja. Mama mmoja wa mtaa wa pili akaichungulia mikate.

"Kapika nani?"

Nikajifuta mikono kwenye kanga.

"Huyu wa bara? Mie nilikuja kuchukua wa Bi Zuhura."

Sauti ikatoka chumbani: "Huo ndio wa Bi Zuhura! Nimemfundisha mwenyewe, na harufu yake naisikia hadi huku kitandani. Asiyeutaka akafuturu na chai tupu."

Watu wakacheka. Yule mama akachukua mmoja, na kesho yake akarudi kuchukua miwili.

Bi Zuhura hakurudi tena kupika. Aliniachia jiko, naye akawa anakaa kwenye kiti akinikosoa. Kwa mkate ule nilimsomesha binti yangu Neema. Bi mkubwa alipofariki, mwanawe wa kwanza alinifuata mwenyewe.

"Mama Neema, mikate ya khitma upike wewe."

Nilipika huku nimegeuza uso pembeni, machozi yasidondokee sufuriani.

Nilistaafu viganja vilipogoma. Sasa naishi na Neema huku Kinyerezi. Yeye anatumia oveni ya gesi, na mkate wake mtamu, simfichi. Watu huniuliza kama kazi ilinichosha. Ilinichosha sana, na nikipewa ujana tena nitaiomba ileile.

Idd iliyopita wajukuu wa Bi Zuhura walikuja na baba yao, yule mwanawe wa kwanza, wakakaa mkekani, wakala mpaka makombo. Wale wadogo wananiita bibi. Wanadhani mie ni mama mzazi wa baba yao. Baba yao anawasikia, anatabasamu, hawasahihishi.