Mume Wangu Alikuwa Kocha kwa Kilomita Thelathini na Moja

Marathon yangu ya kwanza ilinigharimu shilingi mia sita arobaini, kucha nne za miguu, jino moja la mbele na mume mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia sita kumi na tano, kwa sababu nilisahau glukosi. Jino sikulisahau.

Raba zilikuwa za mitumba, za kiume, namba nane, na mimi huvaa saba. Muuzaji alianzia mia nne hamsini. Nikamwonyesha soli ya kushoto iliyokuwa imeanza kufungua mdomo, nikaenda zangu hatua kumi bila kugeuka, akaniita kwa mia mbili themanini. Pengo la mbele nililijaza kwa kitambaa.

Watu wakiniuliza kwa nini mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, muuza viazi soko la Kimulot, alikimbia kilomita arobaini na mbili, huwa nawaambia ni mambo ya afya. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwacha bwana yangu na hakukuwa na gari la kunibeba.

Bwana yangu alikuwa karani wa kituo cha kununua majani ya chai. Mtu anayeshika mizani kule kwetu hujulikana kuliko chifu. Kila konda wa gari alikuwa na mama au shangazi anayepima chai kwake, kwa hiyo mara ya kwanza nilipotoroka nilifika steji tu. Dereva alikataa kuwasha gari mpaka mwenye mke aje. Alikuja na mpini wa jembe. Mara ya pili nilipita katikati ya michai kwa miguu, siku nzima, hadi kwa wazazi wangu Longisa. Baada ya siku nne wazee wakaja naye, wakanywa mursik ya mama, maziwa ya mgando ya kibuyuni, baba akanirudisha pamoja na kilo mbili za sukari. Mara ya tatu nilienda na kidole kilichovunjika. Baba alikiangalia, akasema nyumba haivunjwi na kidole. Kisha akauliza alichouliza zile mara nyingine: nani alimwona akikupiga? Hakuna aliyemwona. Mlango wetu ulikuwa na komeo zuri sana.

Basi miaka saba nilikuwa nafanya mazoezi bila kulipa kiingilio. Nilijua hasira yake ina kilomita ngapi. Ikianzia jikoni, ilikuwa inakatika kwenye mpaka wa shamba la pili, pale anapoanza kukohoa. Kasi sikuwa nayo, na sijawahi kuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kutosimama.

Tangazo lilisomwa kanisani: mbio za hisani za kuchangia zahanati, kuanzia Kimulot kwenye chai, kuteremka mpaka uwanja wa Bomet mjini, Jumamosi moja ya Agosti. Wanawake kumi wa kwanza wangepewa blanketi. Nilipofika nyumbani, mdomoni mwangu blanketi zilikuwa zimegeuka kuwa shilingi elfu tano kwa kila mmoja, na kumi wamekuwa ishirini. Lakini sikumwambia mume wangu kwamba nataka kwenda. Muuzaji hamwonyeshi mnunuzi njaa yake. Nilimwambia kina mama wa kanisa wananisumbua nijiandikishe, mimi nimekataa, nani atauza viazi. Akaacha kula. Akaniambia utaenda. Nikasema siwezi. Akaniambia utaenda na utaleta hizo pesa hapa mezani, na akapiga meza kunionyesha ni meza gani.

Mpango wenyewe ulikuwa mdogo. Watoto ningewapeleka likizo kwa nyanya yao Longisa. Mama, ambaye peke yake ndiye alijua, angeningoja uwanjani Bomet akiwa nao pamoja na mzigo. Kutoka hapo tungepanda gari la kwenda Narok kwa mjomba, mahali ambapo hakuna mtu anayepima chai. Barabara yote ya kutoka Kimulot ningeipita mchana kweupe, na namba kifuani, mbele ya watu. Nilidhani mbele ya watu hatanigusa. Hapo hesabu yangu ilikosea, na hiyo niliihesabu hata mara tatu.

Kwa sababu alijifanya kocha. Wiki sita alinifuata asubuhi na baiskeli yake nyeusi ya chuma, nyahunyo mkononi. Nikipunguza, nyahunyo mgongoni. Kwenye mlima, nyahunyo miguuni. Siku ya kwanza niliona aibu, nikiwaza watu watasema nini. Watu hawakusema kitu. Sisi sote tulikimbizwa hivyo shuleni, mwalimu nyuma na fimbo, wa mwisho analamba mbili. Huku kwetu ukimwona mtu anamkimbiza mwingine na fimbo alfajiri, unauliza tu anamtayarisha kwa mbio gani. Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka maziwa alisimama kando ya barabara akatuangalia, mimi nikiwa na damu kwenye soksi, akamwambia mume wangu:

"Hapo sawa, kochi. Usimhurumie."

Lile neno lilimwingia kama pombe. Jioni hiyo alinunua filimbi.

Siku ya mbio tulikuwa watu mia mbili hivi, na baridi ya kukata masikio. Ndani ya sketi nilikuwa nimefunga mfuko wa nailoni kiunoni: kipande changu cha kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na nauli ya watu watatu wazima na watoto wawili. Watu wazima walikuwa wawili, lakini konda ni konda. Bunduki ilipolia wale vijana wa kweli walitoweka kwenye kona kama maji yaliyomwagwa. Mpaka mimi namaliza kilomita ya kumi, nadhani wao walikuwa wameshaoga.

Mume wangu alikuwa nyuma yangu na baiskeli tangu mwanzo. Mwenye pikipiki wa waandalizi alimsimamisha, akamuuliza yeye ni nani. Akapuliza filimbi, akasema mimi ni kocha wake. Akapewa njia. Kilomita ya kumi na tano, kwenye meza ya maji, yeye ndiye alipewa kikombe kwanza. Watu walikuwa wamejaa kwenye kingo za barabara, wakulima na wachuma chai na vikapu mgongoni, wakiniambia labat, labat, ile sauti ya kwetu ya kumwambia mtu akimbie, na kila nyahunyo ikilia mgongoni mwangu waliitikia kwa makofi. Nilikuwa nimehesabu kumi na moja. Usiku mama aliponikanda na maji ya chumvi alipata kumi na nne. Tatu sijui zilinipata wapi.

Shida ilikuwa wanawake. Kila mwanamke aliyenipita alikuwa elfu tano inayoondoka mbele ya macho yake. Alianza kuwahesabu kwa sauti. Wa ishirini aliponipita, msichana mwembamba asiye hata na viatu, mume wangu alisogea ubavuni kwangu, akachomoa pampu ya baiskeli, akanipiga nayo mdomoni. Sikuanguka. Nilisikia kitu kidogo kigumu kwenye ulimi nikajua ni mali yangu, nikakitema kiganjani, nikakitia mfukoni pamoja na vyeti. Mwanamume mmoja mwenye kitambaa cha mwandalizi mkononi alikuwa hatua tano tu. Alimwambia, "Kochi, polepole. Bado mbali."

Nataka nieleweke hapa. Yule mtu hakuwa mbaya. Baadaye nilimwona akimbeba mtu mgongoni. Aliona damu mdomoni mwa mwanamke na mwanamume ameshika chuma, na akaona mazoezi. Ningekuwa mimi kando ya barabara, na mgongo ni wa mwingine, labda nami ningepiga makofi.

Baada ya nusu nilikuwa sikimbii tena, nilikuwa naangukia mbele tu na kujidaka. Kucha za vidole vikubwa zilikuwa zimeng'oka ndani ya zile raba za mwanamume, nikawa nasikia majimaji. Nilijadiliana na mwili wangu kama mteja msumbufu: nipe mpaka ile nguzo ya simu, nitakuachia ile nyingine. Nikifika nguzoni nautapeli, naongeza nguzo.

Kilomita ya thelathini na moja mfuko ulilegea. Kamba ilikuwa imelowa jasho, ukashuka ukatokea chini ya sketi, nikaudaka na mkono. Yeye akadhani ni pesa za viazi. Akaruka kutoka kwenye baiskeli, akaupokonya, nailoni ikapasuka, vyeti vikamwagika kwenye vumbi. Karani anajua kusoma. Alisoma cha kwanza, akasoma cha pili, akaniangalia.

"Watoto wako wapi?"

Nikanyosha mkono kuvichukua, akavitupa.

"Rudi nyumbani," akasema.

Akanishika nywele, akazungusha mkono mara mbili ili zikae vizuri, akaanza kunivuta kuelekea Kimulot. Nilianguka magoti. Aliniburuta, lami ikachukua ngozi ya magoti yote mawili. Nilikuwa naangalia vyeti vinapeperuka na kufikiria kimoja tu, kwamba nikivuka ile kona tuliyotoka hatutaonana tena mimi na watoto wangu, maana safari hii hatavunja kidole.

Juu ya kingo walikuwa wamesimama wachuma chai, kama kumi na watano, na wanaume wawili wenye mikebe ya maziwa. Dakika moja nyuma walikuwa wananipigia makofi. Sasa mikono ilishuka. Mmoja wao, mama mnene mwenye aproni ya plastiki, akashuka mpaka barabarani, akasimama mbele yetu.

"Kochi," akasema, "Bomet ni huku."

Akamwambia nimeshindwa, ananipeleka nyumbani.

"Nani ameshindwa? Mwenye miguu hajasema."

Mume wangu alimwambia asiingilie mambo ya nyumba ya mtu. Yule mama akamjibu kwamba yeye haoni nyumba hapo, anaona barabara. Kisha akainama akaniuliza mimi. Nilikuwa na mdomo umejaa damu, sikuweza kusema mengi. Nikasema, "Mimi sijaacha mbio."

Mume wangu akanipiga teke la mbavu ili ninyamaze, na hilo ndilo lililomponza. Mwenye maziwa wa kwanza alimpiga na mkebe, mkebe uliojaa, lita ishirini, maziwa yakamwagika juu yetu sote. Akaachia nywele. Kabla hajageuka vizuri mwingine alimpiga fimbo ya magotini, akaenda chini, na wale akina mama wakamshukia. Walimpiga na vikapu, na mabuti ya mpira, na vile vijiti virefu wanavyolaza juu ya michai kupimia usawa. Walimpiga kimyakimya, kwa zamu, kama watu wanaomaliza kazi kabla ya mvua. Filimbi ilimwingia mdomoni ikawa inalia yenyewe kila akipumua. Baiskeli ikainuliwa ikatupwa mtaroni, na mtu akaifuata kuikanyaga.

Hakuna hata mmoja aliyemwambia usimpige mkeo. Nilisikiliza sana. Walimwambia usiharibu mbio za watu. Kunipiga nikielekea mbele alikuwa kocha. Alipogeuza uso wangu nyuma akawa mwizi, na mwizi kwetu hana hakimu. Nilikusanya nauli, kipande na jino, kisha vyeti, viwili, nikahesabu tena, viwili. Nilihesabu pia mapigo, nikafika kumi na tisa nikakumbuka nina safari. Kabla ya kuondoka nilimwongezea moja mimi mwenyewe, na raba namba nane, tumboni. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu.

Yule mama akanipa uji kwenye chupa ya soda, akanifuta uso na aproni yake. Akaniambia niende, muda unaenda, na kwamba wao watamshikilia hapo mpaka jua lipungue. Nikamuuliza kama atakufa. Akamwangalia kidogo, kama mtu anayekadiria uzito wa kikapu, akasema, "Hapana. Huyu atatembea."

Kilomita kumi na moja zilizobaki nilikimbia bila mtu nyuma yangu. Sikujua nifanye nini na mgongo wangu. Kila hatua ulikuwa unajikaza kungoja.

Nilifika wanatoa kamba za hema. Nilikuwa mwanamke wa thelathini na nane kati ya thelathini na tisa, na wa thelathini na tisa aliletwa na gari, kwa hiyo ni vile vile. Mama alikuwa langoni na watoto. Na baba alikuwa pale, ambaye hakualikwa. Alimfuata mama kwa sababu aliona mzigo ni mkubwa kuliko mbio. Alinitazama mdomo, akatazama magoti. Nilimwona anafungua kinywa, na nikajua swali. Lakini mwenye maziwa wa pili alikuwa amenitangulia kwa baiskeli yake kwa njia ya mkato, na alikuwa ameshaanza kusimulia uwanja mzima, na watu walikuwa wanasogea kusikia. Baba akafunga kinywa. Akamchukua mtoto mdogo begani, akatutangulia kwenye steji, akalipa nauli yetu mwenyewe bila kumwomba konda apunguze. Ni mara moja tu nimemwona akifanya hivyo.

Mume wangu alitembea kweli, baada ya miezi miwili. Wazee walipokuja Narok kuzungumza, alituma ujumbe kwamba anadai rimu mbili na uma wa baiskeli. Nikawapa bei ya jino. Wakaenda kushauriana hawajarudi.

Lakini habari ina miguu yake. Kwenye zile kilomita thelathini na moja za kwanza, watu waliona kocha na mwanamke aliyefika Bomet. Waliomwona akipigwa ni wachache, na yeye huwaambia ni wivu wa watu wa huko mbele barabarani. Nasikia anafundisha wasichana sita sasa. Anawaamsha kabla ya mapambazuko, ana filimbi mpya.

Mwezi uliopita mwanamume mmoja alikuja kwenye kibanda changu hapa Narok, ametoka Sigor, kofia mkononi. Alinunua debe zima la viazi bila kujadiliana bei, nikaanza kuogopa. Akaniambia ana binti wa kidato cha pili, mguu mwepesi, na kwamba kocha wa Kimulot ameahidi kumfikisha mbali, ila lazima ahamie kwake. Akaangalia chini, akaangalia pengo langu, akaangalia tena chini.

"Mama, wanasema alikuchapa lakini ulimaliza," akasema. "Mimi ni mkulima tu, hizi mbio sizijui. Nishauri kama ungekuwa wewe ndiye mzazi: nimpeleke msichana, ama nikae naye?"