Mama Anasahau, na Hahami

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba mama yangu anasahau. Nilimkania mume wangu, nikamkania daktari, nikajikania mwenyewe, mimi niliyesomea mambo ya akili chuo kikuu na ambaye kila asubuhi hutafuta miwani niliyoivaa. Leo nasema wazi: anasahau. Mpe chai, ainywe yote, kisha atakuuliza mbona hujampa chai.

Nikiwa msichana wa mwaka wa kwanza, nilirudi nyumbani Kisaju na elimu yangu mpya. Nilimweleza mama, akiwa anakama, kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vichache tu, kwa sekunde chache, visiporudiwarudiwa humwagika. Ile ya muda mrefu hakuna aliyeuona mwisho wake, na kilichoingia humo kinaweza kukaa mpaka kaburini.

"Na hiyo ndiyo wanafundisha huko?" akauliza. "Hata ndama anajua hiyo."

Nilinyamaza, maana nilikuwa nimesahau kilichofuata.

Mwezi uliopita, ndugu yangu Lemayian, anayekaa Kitengela, aliamua mama ahamie kwake na ng'ombe wauzwe. Akaniita kwa mama nishuhudie mwenyewe.

"Yeyo," alisema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaasai, "leo umekunywa chai?"

"Sijui. Iko kwa jiko?"

"Uko na ng'ombe wangapi?"

Mama akatazama boma, asijibu. Akaulizwa tena. Akaendelea kutazama boma.

"Umeona?" Lemayian akaniambia. "Hata ng'ombe wake hajui."

Nilitaka kucheka, kisha nikakasirika. Kwetu mtu hatamki hesabu ya ng'ombe wake, kama asivyohesabu watoto wake. Ni kuita balaa. Lemayian alichapwa kwa kosa hilo akiwa mdogo.

"Tangu lini mtu anahesabu ng'ombe?" nikamuuliza. "Yeye amekumbuka. Wewe ndiye umesahau."

Aliinamisha kichwa, lakini hakukubali kushindwa. "Na moto je? Siku moja ataacha jiko likiwaka."

Siku nyingine ningekana. "Ni kweli, anasahau," nikasema. "Tutafute mtu wa kukaa naye. Lakini hahami."

"Tutaona."

Mwanangu, mzazi wako akianza kusahau, usikane, na usimng'oe kwake kwa sababu hiyo. Kinachomwagika ni kile chombo kidogo cha kumbukumbu, ambacho hata wewe hukijaza na kukimwaga kutwa nzima. Kile kikubwa, chenye njia ya kisimani na mlango wa nyumba yake, bado kinamshikilia. Ukimhamisha, unamtoa mahali pekee asipopotea. Na yeyote anayepima utu wa mtu kwa yale anayokumbuka tangu asubuhi, mkatalie, hata kama ni ndugu yako, hata kama ana shahada kama yangu.

Jumapili jioni mama alinipigia simu.

"Naserian, ndugu yako amekuja na lori."

Nikasimama. "Liko wapi sasa?"

"Limerudi tupu. Nimemwambia mimi nasahau, najua. Nikisahau kama nimekula, nakula tena. Nimekosea nani?"

"Yeye amesema nini?"

"Amekubali. Ameenda kuniitia msichana wa kulala hapa." Akakohoa kidogo. "Mungu wetu Enkai awachunge, wewe na watoto wako, mpaka mzeekee kwenu."