Mdomo wa Mama Mkwe

Mume wangu ni mchora mabango. Ya kinyozi, ya duka la dawa, ya "Usikojoe Hapa", yote kazi ya mkono wake. Siku moja akanunua kitabu chakavu chenye sura za watu wa Misri ya kale, waliochorwa kwenye mbao kwa nta ya nyuki. Walipokufa, mbao hizo zikafungwa juu ya nyuso zao. Basi, nikampoteza. Sufuria yangu ndogo ikawa ya kuyeyushia nta, na kila aliyekanyaga kwetu akakalishwa kwenye kiti cha dirishani achorwe. Majirani wakambandika jina: Mchora Maiti. Yeye wala hajali.

"Mbona nachora walio hai tu," anawajibu, huku anapaka.

Aliyekubali kukaa bila maneno ni mama yake mzazi. Tuliishi naye nyumba moja miaka kumi na mmoja, na sitasema uongo eti kwa sababu amefariki: tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Chumvi yangu, ufagio wangu, hata ninavyokamua nguo, kwake vyote vina kasoro. Alikaa asubuhi nne, macho makavu mbele, na picha ikatoka yeye kabisa. Miezi mitatu baadaye akatutoka. Msibani nililia kidogo, machozi ya kuonyesha watu.

Mimi ndiye niliyeitundika ile picha jikoni, juu ya jiko. Nilitaka anione napika kwa raha zangu, bila neno. Roho mbaya tu, nakiri. Wiki ya pili nikainua macho nikakuta mdomo umeteremka mpaka kidevuni. Joto la jiko lilikuwa limelegeza nta. Macho yamebaki palepale, yananitazama.

Mume wangu hakunigombeza; heri angenigombeza. Aliishusha, akaketi nayo mezani. Picha nyingine ya mama tuliyonayo ni ya kitambulisho tu, na humo anafanana na mtu aliyekamatwa. Akapasha kijiko chake cha kulainishia nta, akakishika mpaka kikapoa. Akapasha tena, kikapoa tena.

"Siuoni ule mdomo," akasema. "Nikifumba macho namwona anacheka tu. Na siku zile nne hakucheka."

Kweli, mwanawe akiingia, mama alikuwa hacheki tu, anang'aa. Mimi ndiye niliyebakiwa na uso wake wa kawaida.

"Kona ya kushoto ilikuwa juu kidogo," nikasema.

"Umejuaje?"

"Baba watoto, miaka kumi na mmoja nimesimama mbele yake nasubiri kusemwa! Inapanda ile kona kwanza, ndipo neno linatoka."

Akacheka puani, akarudisha kijiko motoni. Nikamsimamia. Hapana, hapo umemfanya mpole. Mdomo wa chini ongeza unene. Na pale pana mkunjo, aliupata kwa kuninunia mimi.

Akaipandisha ile kona kwa ncha ya kijiko. Nta ikaganda. Alikuwa yeye, mzima mzima, tayari kusema. Nikasimama pale na mwiko mkononi, kama mjinga, nasubiri aniambie chumvi imezidi. Nikasubiri. Neno halikuja.

Ndipo nikamlilia mama mkwe wangu.