Mfalme Aliyeshindwa Kumkatalia Mwanawe

Saa mbili asubuhi simu ya hospitali inalia, na kabla haijarudia mlio wa pili kidole chake kimeshaifikia swichi.

"Hospitali, hewani!" anasema. Anasikiliza, kisha sauti yake inashuka. "Wodi ya wanaume? Pole, mama. Usikate, nakuunganisha."

Ni mtu mzima, kipofu tangu utotoni, opareta katika chumba chenye kiti kimoja, feni na birika la chai. Wenzake humwita Mzee Hewani. Mapumziko yakifika, huvaa visikilizio na kurudi kwenye vita vya kale vya Uhindi.

Mzee Hewani ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, masomo ya jioni. Katika fasihi alitakiwa kuchagua somo moja, akachukua tenzi kuu za Wahindi.

"Usidhani nilijua kitu," ananiambia akicheka. "Ndizo pekee zilizokuwa zimerekodiwa. Mwenye shida hachagui."

Mwanzo ulimtoa jasho. Majina yalimponyoka. Mungu alishuka duniani kwa umbo hili, kisha akarudi kwa umbo jingine. "Lakini maji nilishayavulia nguo," anasema. "Ilibidi niyaoge."

Ndipo akakutana na mfalme kipofu.

Nduguye mfalme huyo amefariki na kuacha wana. Mwana mkubwa wa mfalme anataka ufalme wote, binamu zake wasipate hata kipande. Baba anajua ni dhuluma, lakini kila akibembelezwa, hulegea.

"Nilizima kinasa sauti," anasimulia Mzee Hewani.

Naye alifiwa na mdogo wake. Nyumba ya marehemu iliachwa mikononi mwake, na humo wanaishi shemeji yake na watoto wawili. Mwanawe mkubwa, fundi seremala, alitaka wahamishwe ili afungue karakana. Baba alikuwa na jibu moja: "Tutaona, mwanangu." Fundi akaanza kushusha mbao uani, mpaka shemeji akakosa pa kuanikia nguo.

Darasani, mwalimu aliuliza kwa nini mfalme alishindwa. Mzee Hewani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hakuwa na macho. Angeona, angezuia."

Mwalimu, mwanamke wa Kihindu aliyelelewa na visa hivyo, hakumcheka. "Macho hakuwa nayo, mzee wangu. Na masikio je? Aliambiwa kila kitu."

Kesho yake Mzee Hewani alimwita mwanawe.

"Mbao zako ziondoe uani kwa mama yako mdogo."

"Baba, si ulikubali?"

"Sikukubali. Niliogopa kusema hapana."

"Kwa hiyo mimi si mwanao?"

"Ni mwanangu. Ndiyo maana nakwambia mimi, kabla hujaambiwa na ulimwengu."

Fundi alizibeba mbao zake, akahamia upande wa pili wa mji bila kuaga. Hajakanyaga nyumbani tangu hapo. Kuna jamaa wanaosema vitabu vya watu vimevunja nyumba ya mzee.

"Ufa ulikuwapo," anajibu. "Kile kisa kiliniongoza mkono tu, nikaugusa."

Hata hivyo hajidai shujaa. Akimtaja mwanawe hupapasa kikombe ambacho chai yake imeshapoa.

Sasa amefika pale mfalme anapopewa habari za wanawe, mmoja baada ya mwingine, wakiisha vitani. Husikiliza kidogo, akasimamisha. Kazini amewahi kuunganisha simu nyingi za namna hiyo, na anaujua ukimya wa mzazi anayepokea habari.

"Mimi wangu yu hai," anasema polepole. "Amenuna, lakini yu hai."

Anapanga kufanya mtihani mwisho wa muhula, kisha aanze utenzi wa pili, ule wa mwana wa mfalme aliyefukuzwa akaishi msituni. Lakini kwanza kuna Jumapili.

Shemeji yake, ninayemkuta akikunja nguo za watoto, ndiye aliyekata shauri la kumfuata fundi. "Yule nimembeba mgongoni," anasema. "Tutakwenda wote, na wadogo zake. Akitufungia mlango, tutakaa barazani mpaka afungue."

"Na asipofungua?" namuuliza.

Mzee Hewani ndiye anayejibu.

"Tutarudi Jumapili nyingine."