Asmahani na Kurasa Kumi na Tisa

Zamani hapa Tabora hati ilisomwa kwa sauti mbele ya mashahidi, mstari kwa mstari, kabla mtu hajatia dole gumba. Msomaji akikohoa, alirudia. Utaratibu huo umekufa. Siku hizi watu hutafuta tu mahali pa kutia sahihi.

Asubuhi ile tulikuwa mtaa wa Ng'ambo, barazani kwa Asmahani, mfumaji wa sweta za shule. Ana miaka arobaini na miwili, na haoni tangu akiwa na kumi na tisa. Hana kitu kingine ila fungu lake katika nyumba ile ya baba yao.

"Ni ruhusa ya kuezeka upya, dada," alisema mdogo wake, Hamoudi. "Tia dole tu. Mwenyekiti ana kikao saa sita."

"Nitumie kwenye simu."

"Kurasa kumi na tisa hizo. Utamaliza kesho kutwa."

"Tuma."

Hamoudi alicheka, akatuma. Simu ikaanza kutoa mlio kama wa bisi zinazoruka sufuriani.

"Hiyo inasoma au inakaanga?" aliuliza Mahona, mwenyekiti wa mtaa.

Mimi nilijua: ilikuwa ikimsomea hati kwa kasi. Asmahani alijifunzia kuisikiliza hivyo kwenye maandishi yangu, habari za njia ya wapagazi, kwa kuwa nilikuwa nimemsomea mpaka akayakariri. Kila Ijumaa alipandisha kasi ya simu kidogo huku akifuma. Akipotea, alikaa wiki nzima palepale. Sikio lilijua neno linalokuja, likazoea namna linavyopita. Ndipo akahamia habari asizozijua. Mwishowe simu iliwakimbiza wapagazi wangu kutoka hapa hadi pwani kabla chai haijapoa, na mimi niliyeandika sikuambulia hata neno. Niliumia.

Sasa mikono yake iliacha kufuma. Hamoudi alitazama saa, akatazama simu, akatazama saa tena.

"Dada, mwenyekiti anachelewa."

Asmahani aliinua kidole, akaendelea kusikiliza. Kisha akaizima.

"Ukurasa wa kumi na moja," alisema, polepole kabisa. "'Mimi Asmahani binti Humaidi ninaachia haki yangu yote katika nyumba hii kwa ndugu yangu Hamoudi.' Mabati yako wapi hapo?"

"Hiyo ni lugha ya wanasheria tu."

Mahona alifunika wino.

"Mwenyekiti, nitazamie mwisho," Asmahani alisema. "Kuna shahidi aliyekwisha kutia sahihi?"

Nilitazama ndala zangu. Sahihi hiyo niliitia mimi saa mbili asubuhi, dukani kwa Hamoudi, nikinywa kahawa yake.

"Yupo. Mzee Yahaya," Mahona alisema.

"Babu, ulisoma?"

"Sikusoma," nilijibu.

Hakunilaumu. Alinisukumia karatasi. "Basi tusomee sote. Kwa sauti."

Nikavaa miwani, nikaanza mstari wa kwanza. Hamoudi alitaka kuinuka, Mahona akamwambia akae. Saa sita ilitukuta ukurasa wa nne.