Katoni ya Rama na Jina Langu

Jamani, hainiingii akilini. Rama wangu wa store ya spea Ras Al Khor, hapa Dubai, kaanguka kazini juzi mchana, hakuinuka tena. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo alinitumia voice note anacheka!

Post hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Sijui nalia msiba au nalia aibu.

Mnanijua kwa Bi Shuka, yule shujaa wa katuni, mfanya usafi wa hoteli anayefunga shuka shingoni akaruka juu ya maghorofa kuwatetea wafanyakazi. Mnaniita mama yake. Haya, leo nisikilizeni.

Rama ndiye alikuwa anatuandikia makatoni. Ukiwa na mzigo wa cargo wa kwenda nyumbani, unampelekea na marker: kwenda kwa nani, kutoka kwa nani. Mwandiko mzuri huo, we!

Siku moja namsimulia vituko vya duty pale Garhoud, hotelini ninakofanya usafi, nilivyofunga shuka la laundry shingoni nikikimbizana na wenzangu, mara madam msimamizi huyo mlangoni. Rama alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akamchora mwanamke anaruka, ubavuni mwa katoni yangu. Chini akaandika kama kawaida: "Kutoka kwa Zuhura, Dubai."

Mdogo wangu kule Tanga akapiga picha, akaposti. Watu wakaona jina langu chini ya mchoro, wakadhani mchoraji ni mimi. Ikasambaa.

Nami nikanyamaza. Nikajiambia, kwani stori si yangu? Shuka sikufunga mimi? Tukaendelea, yeye anachora, mimi naandika maneno, na kila ukurasa jina ni moja. Langu.

Mlipoanza kubishana kwenye comments nani hasa kambuni Bi Shuka, mashabiki wangu wakaleta ile picha ya katoni eti ushahidi. Mwandiko wa Rama mwenyewe, jamani!

Aliniuliza mara moja tu. "Zuu, na jina langu je, hata kwa herufi ndogo pale chini?"

Nikamjibu, "Inshallah." Mnaijua ile inshallah ya arbab, bosi wa huku, ya kumwondoa mtu mlangoni. Akasema, "Poa," akanitumia ukurasa mwingine.

Mbona hukunigombeza, Rama? Ulinisamehe au ulinichoka? Na huyu Bi Shuka ni wako, wangu, wetu? Wallahi sijui. Wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Jana wenzako chumbani walifungasha vitu vyako vya kumpelekea mama yako. Katoni ikafungwa gundi. Hakuna wa kuandika. Wakanipa mimi marker.

Mwandiko wangu kama kuku kaparua. Niliandika kwa herufi kubwa, ubavu mzima: "Kutoka kwa Ramadhani, aliyemchora Bi Shuka."

Ulitaka herufi ndogo tu, kaka, na ulizitaka ukiwa hai. Lala salama, Rama. Mama yako atalisoma jina lako.