Tende Tatu za Safari ya Saa Moja

Binti yangu alipokuwa katika uchungu wa siku mbili huko Nairobi, niliweka nadhiri: wakitoka salama yeye na mtoto, nitafunga siku tatu. Walitoka salama, alhamdulillahi. Siku ya tatu ya funga yangu ndiyo siku aliyonikatia mkwe wangu tikiti ya ndege ya jioni kutoka Ukunda.

"Saa moja tu hewani," mke wangu alinitania tukiagana nyumbani Gazi, "nawe umejitia marashi kama unakwenda kuposa!"

Akanipa tende tatu ndani ya kikaratasi. "Mbili zako za kufuturu. Ya tatu ya mjukuu, usije ukaila kwa njaa yako."

Kwetu mtoto mchanga hupakwa tende kidogo kwenye kaakaa na mtu mzima anayemwombea dua. Binti yangu alikuwa amewaambia wote wanisubiri mimi.

Masafa hayo kwa basi nilikuwa nikiyahesabu kwa swala: alfajiri Gazi, adhuhuri tumeshaipita Mackinnon Road, magharibi Nairobi. Sasa yote yaliingia kati ya alasiri na magharibi. Mama mmoja wa bara aliyeketi kando yangu alinipitishia maji, nikamwambia nimefunga.

Saa yangu ilipofika kumi na mbili na nusu, wakati wa adhana msikitini kwetu, nilifungua kikaratasi, nikasoma dua, nikainua tende.

"Mzee," akasema yule mama, "si umefunga? Na jua bado iko!"

Nikageukia dirisha. Jua lilikuwa limekaa juu ya mawingu, jekundu, zima. Tende ilikuwa imeshagusa mdomo.

Nikaishusha. Miaka yote nimewafundisha watoto wa madrasa kwamba mtu hufuturu kwa jua la pale alipo, nami nilikuwa nataka kufuturu kwa jua la Gazi. Funga ya siku ile ingeharibika, na nadhiri ningebaki nayo shingoni.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe."

Tangu hapo akashika kazi ya mwadhini. "Bado, mzee. Bado." Tukatua, bado. "Nyinyi watu wa pwani mna subira!"

"Subira gani? Humu ndani ningekimbilia wapi?"

Akacheka mpaka watu wakageuka.

Jua lilizama tukiwa tumesimama nje tukingoja mizigo. "Sasa!" akasema, kwa furaha kama aliyefunga yeye. Nilikula tende moja. Ya pili nikampa. Alikataa, nikamsihi, akaila.

Nyumbani kwa mkwe wangu nilinawa mikono, nikailainisha ile ya tatu. Mjukuu alikunja uso, kisha akakishika kidole changu kwa ufizi, akanyonya.

"Safari ilikuwa ndefu, baba?" binti yangu aliuliza.

"Hata," nikamwambia. "Ilizidi dakika chache tu, za jua."